Ng'ombe Namba Kumi na Saba

Kambi ya barabara, kaskazini ya Marsabit
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa dada Wakesho,

Leo ni miaka mitatu, miezi minne na siku sita tangu nishuke kwetu Mghange na begi la marehemu Baba mgongoni. Nahesabu kwa sababu hatuna kazi leo na upepo umetufungia hemani. Mimi mzima. Natumaini hapo Voi nawe u mzima, na wanafunzi wako wa kompyuta hawakuchoshi sana. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na ng'ombe wangu Sabuni je? Msalimie Muli kule tambarare ya Makwasinyi, mwambie nashukuru kwa kunifugia.

Sasa jambo lenyewe. Injinia Tom, mkubwa wa mtambo wa kuchanganya lami, anataka kibarua mmoja akae naye kwenye kile chumba cha vioo kinachoendesha mtambo. Chumba kina feni na kiti. Hataki cheti. Anataka umwonyeshe, tarehe 31 Julai, programu uliyoandika mwenyewe kwa lugha ya C, kwa sababu vidude vinavyopima kokoto na lami vimeandikwa kwa C. Tumejitokeza wawili, mimi na Donald wa ghala. Wengine walicheka. Muasya, ninayelala naye hema moja, aliniuliza, "Wewe wa kidato cha pili, hiyo kompyuta utaishika mpini wapi?"

Wakesho, nimechoka na sepetu. Nikikosa nafasi hii sioni nyingine.

Nimepewa laptop iliyotupwa stoo, imewekewa programu kubwa ya kuandikia na inapiga kelele kama kinu. Kitufe cha P hakipo, nabonyeza kwa njiti. Nimeamua programu iwe ya mifugo ya kikundi chetu cha Mghange. Nilimweleza Muasya kwamba sisi wa milimani mashamba yetu ni ya ngazi, hatuna pa kulishia, kwa hiyo ng'ombe wako anakaa tambarare kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, wewe unabaki na ng'ombe. Akasema, "Yaani una ng'ombe usiyemwona, usiyemkamua, na unajivuna?" Nikamwambia ndiyo.

Kitabu alichonipa Tom kinataka nitumie pointa. Ukurasa huo nimeusoma mara tisa. Kinasema pointa si kitu chenyewe, ni mahali kitu kilipo. Mimi naona si haki. Mtu ana ng'ombe, nami nimwandikie anwani tu? Kwa hiyo nimemwandika kila ng'ombe mzima mzima chini ya jina la mwenyewe, na tena mzima mzima chini ya jina la mfugaji. Tom aliangalia, akatikisa kichwa, akaenda kunywa chai. Kosa ni nini? Na unitumie orodha ya wenye mifugo.

Simu hapa inashika juu ya kilima tu, tena kwa kukatika. Mpe barua Mohammed, yule dereva wa lori la lami kutoka Mombasa. Hula chakula cha mchana hapo Voi kila safari.

Kaka yako,
Ambrose


Voi, 2 Aprili 2025

Kaka Ambrose,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mama mguu unamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anatembea hadi kanisani. Binti yangu amepoteza meno mawili ya mbele na anajiona mkubwa. Sabuni hajambo, amenenepa.

Nimefurahi hadi nikawasomea walimu wenzangu barua yako, ile sehemu ya njiti. Lakini kaka, kwa nini C? Mimi wanafunzi wangu nawaanzisha na Python. Inasamehe. Ukikosea inakwambia kwa maneno umekosea mstari gani. C inakuachia panga mkononi na kugeuka upande wa pili. Jifunze Python miezi mitatu, C ije baadaye. Na hiyo programu kubwa ya kuandikia uliyowekewa iondoe, laptop ya zamani haiwezi kuibeba. Tumia ile nyepesi isiyo na rangi.

Kuhusu pointa. Kosa lako ni la heshima, lakini ni kosa. Ukimwandika ng'ombe mara mbili, kompyuta inaona ng'ombe wawili. Tuseme mfugaji amemhamishia kwa shemeji yake Mraru. Utabadilisha kwenye orodha ya mfugaji, na ile ya mwenyewe itaendelea kusema yuko pale pale. Itasema hivyo milele, bila aibu.

Hebu jiulize. Mtu akikuuliza Mghange, ng'ombe wako yuko wapi, unamjibuje? Unasema: yuko kwa fulani. Humtoi mfukoni. Hayo maneno, "yuko kwa fulani", ndiyo pointa. Hujanyang'anywa kitu. Ndivyo ulivyommiliki tangu siku ya kwanza. Andika ng'ombe mara moja tu, mahali pamoja, pale anapokula. Wengine wote waelekeze pale.

Orodha ya wenye mifugo iko kwenye flashi, wanyama arobaini na sita, pamoja na mfano mdogo wa Python.

Dada yako,
Wakesho


Kambini, Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa Wakesho,

Natumaini hamjambo wote. Hapa mvua ilinyesha siku mbili ikang'oa kazi ya wiki mbili, tumeirudia. Mimi mzima. Nafurahi Sabuni amenenepa. Nilimwambia Muasya, akasema nimpe picha ya huo unene.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya rundo la kokoto, na nilipofika kwenye "yuko kwa fulani" nilisimama. Msimamizi akapiga kelele, "Mwakio, umeumwa na nge?" Nikamjibu hapana, nimeelewa kitu. Akasema nielewe huku nikifanya kazi. Siku nzima nikawa naona pointa kila mahali. Karani ana karatasi inayosema rundo la tatu lina kokoto laini. Kokoto haziko kwenye karatasi. Rundo likihamishwa na karatasi isibadilishwe, lori litakwenda kupakia hewa.

Kuhusu Python nimekusikia, na Jumapili moja nilijaribu ulivyonionyesha. Ni tamu kweli. Lakini Tom hakuuliza kitamu. Mtambo wake unaongea C, na mimi nikifika kwenye kiti kile nitakuta C. Acha nikatwe na panga hilo mapema. Ushauri wa programu nyepesi nimeufuata, laptop haipigi kelele tena.

Sasa, kama ng'ombe anaandikwa pale anapokula, nahitaji orodha ya wafugaji. Nimempa Mohammed flashi ampelekee Ndunge, binti wa Muli, yule anayechapa barua za watu karibu na stendi ya Voi. Yeye anawajua wafugaji wote. Wenye mifugo nitawatoa kwenye orodha yako, wafugaji kwake, na programu itawaunganisha kwa namba ya sikioni. Wa kwanza kwa alfabeti ni mimi. Kwa hiyo neno la kwanza mashine hii itakalosema litakuwa Sabuni. Orodha ikifika sitaisoma kwa macho. Nataka mashine iniambie yenyewe.

Ambrose


Voi, 30 Mei 2025

Kaka,

Sisi wazima, Mama anakusalimu. Mahindi ya Mghange yamefika kiunoni.

Naandika haraka. Kwani ni lazima utumie orodha ya kweli? Buni majina. Andika ng'ombe kumi wa uongo, wafugaji watatu wa uongo, Tom hatajua tofauti. Anapima programu, hapimi ng'ombe. Orodha za kweli zina makosa mengi, zitakupotezea muda.

Mbona mwandiko wako umeinama? Zamani uliandika wima kama nguzo.

Wakesho


Kambini, Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa Wakesho,

Hamjambo? Mimi mzima. Mwandiko ni meza, imepinda. Habari za Sabuni hukuniandikia safari hii.

Orodha ya Ndunge imefika. Sikubuni majina, kwa sababu programu ya watu wa uongo nitajuaje kama inasema kweli? Niliandika yote kwa pointa ulivyonifundisha. Mwenyewe anapewa namba, programu inakwenda kwenye orodha ya wafugaji, inamtafuta mnyama mwenye namba hiyo, inarudi na mahali alipo. Ikakubali bila lalamiko. Nikaiendesha. Ikafa. Haikuandika hata jina moja. Inasema tu kwamba imegusa mahali pasiporuhusiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Nimeandika upya ile sehemu ya kutafuta mara tatu. Nimepanda maneno "nimefika hapa" kila mistari miwili kama vigingi vya mpimaji. Inaanza kutafuta, inafika, halafu inakufa, palepale mwanzoni, kabla ya mtu wa kwanza. Ingekufa katikati ningesema mnyama mmoja ana tatizo. Ikifa mwanzoni ina maana yote ni mbovu. Mimi ndiye mbovu.

Donald yake inafanya kazi. Inajumlisha mifuko ya saruji. Jana alisimama mlangoni mwa hema akasema, "Ambrose, ng'ombe wako wamegoma kutoka zizini?" Wakacheka wote, na Muasya pia.

Tom ananiambia kuna kifaa, wanakiita dibaga, kinachoisimamisha programu mstari kwa mstari na kukuonyesha kila pointa imeshika nini. Laptop hii haina. Nitumie kwenye flashi hii anayokuletea Mohammed; programu yangu yote imo humo. Zimebaki wiki tano.

Ambrose


Kambini, Jumapili, 13 Julai 2025

Wakesho,

Mohammed amepita mara mbili mikono mitupu. Anasema alikupata, ukamwambia bado. Kama umechoka kunifundisha sema. Mama mzima? Zimebaki siku kumi na nane. Silali vizuri, nikifumba macho naona ile alama ya nyota inayoandikiwa pointa, na mabano yake.

Nitumie dibaga.

Ambrose


Voi, 25 Julai 2025

Kaka Ambrose,

Mama mzima. Dibaga iko kwenye flashi, na karatasi yenye amri tano utakazohitaji. Nilikuwa nayo tangu wiki ya kwanza ya Julai. Mohammed asitupiwe lawama, ni mimi.

Ikisimama, usiangalie sehemu ya kutafuta. Iko sawa. Nimeiendesha hapa kwangu mara nyingi, kaka, na umeiandika vizuri kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Angalia kilichorudishwa.

Nisamehe.

Wakesho


Kambini, Jumapili, 17 Agosti 2025

Wakesho,

Flashi yako ilifika tarehe nne Agosti. Mtihani ulikuwa tarehe thelathini na moja Julai, unajua.

Siku ya mtihani Tom alikaa kwenye kiti, sisi tumesimama. Donald akajumlisha mifuko yake. Mimi nikaendesha yangu, ikafa. Tom akasoma mistari yangu kwa muda mrefu, akasema, "Inaelekea ni nzuri, lakini siwezi kuajiri inaelekea." Donald yuko kwenye feni sasa. Mimi nafagia nyuma ya lori.

Nilitaka kuitupa flashi. Ijumaa wakati wa chakula nikaiweka. Nikafuata amri zako tano. Ikasimama mstari wa themanini na nane. Mwenyewe: Ambrose Mwakio. Namba: kumi na saba. Mnyama: sifuri.

Niliitazama hiyo sifuri hadi filimbi ikalia. Kisha nikafungua orodha ya Ndunge kwa macho, kitu nilichokuwa nimejinyima. Kumi na sita yupo. Kumi na nane yupo. Wiki saba nilikuwa natafuta kosa kwenye kazi yangu, na namba hiyo naijua kama jina langu, na sikuwahi hata kuitafuta. Utamtafutaje ng'ombe ambaye dada yako amekuandikia amenenepa? Tena ameandika mwezi wa nne, mwaka ambao mvua ya Makwasinyi ilikuwa haijaanguka. Hata hilo lilinipita.

Ndunge hakuniambia kitu kwa sababu alidhani najua. Kwa hiyo ninyi mlijua. Yuko wapi Sabuni?

Usinisalimie. Jibu tu.

Ambrose


Voi, 7 Septemba 2025

Kaka,

Sabuni alikufa tarehe kumi na tisa Februari kwa kiu. Alilala njiani akirudi kutoka kisimani na hakuinuka. Walikufa wengine wanne wiki ile. Muli alifanya kama inavyopasa mfugaji: alimchuna, akaikausha ngozi, akapanda nayo hadi Mghange akaiweka mlangoni kwa Mama, ili asije akasemwa amemuuza. Alikaa uani na kofia mkononi. Mama alimpa uji, akamwambia hana deni. Kwa Muli shauri likaishia hapo.

Mama alisema tusikuambie mpaka upate kazi ya kukaa. Alisema, mtoto wangu miaka yote hiyo ya sepetu ana ng'ombe mmoja tu wa kuonyesha, akisikia ataacha kila kitu arudi, au ataacha kula. Nilikubali. Ile orodha niliyokutumia ni ya mwaka jana, niliiacha na jina lako. Niliona programu yako inaandika ng'ombe mara mbili, nikajua haitagundua kamwe. Halafu mimi mwenyewe nikakuandikia kurasa mbili kukufundisha jinsi ya kugundua. Nilikuwa mwalimu mno siku ile, nikasahau kuwa mwongo.

Orodha ya Ndunge ilipita mikononi mwangu. Mohammed aliniachia flashi nimkabidhi Ndunge, na Ndunge alinirudishia mimi. Ningeweza kuongeza mstari mmoja. Nilikaa nayo darasani wanafunzi wakiwa wametoka, nikaandika kumi na saba, nikafuta. Orodha ile Ndunge aliichapa tu, maneno ni ya Muli. Sikuweza kumfanya Muli aseme uongo wangu.

Halafu ukaanza kujiita mbovu. Nikawa nasoma hiyo barua kila siku na kifaa kiko kwenye droo. Nafasi yako imekwenda kwa sababu yangu. Sina la kujitetea.

Lakini niambie na wewe. Mwandiko bado umeinama, na Mohammed nikimuuliza anaangalia pembeni. Meza gani hiyo isiyonyooka miezi minne?

Wakesho


Kambini, Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa dada Wakesho,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama, na binti yako mwenye meno mapya. Nimekaa na barua yako wiki nne. Muasya alinichotea maji ya kuoga bila kuambiwa, na hakufanya utani hata mmoja, mpaka nikamwomba afanye.

Nianze na langu. Tangu mwisho wa Aprili nina vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyopondwa na mlango wa nyuma wa tipa. Viko, lakini havikunji. Naandika kwa kushoto. Sepetu siwezi tena kuishika sawasawa, ndiyo maana nafagia, na ndiyo maana ile nafasi nilizidi kuitaka. Hata hivyo niliendelea kukuandikia mimi mzima. Kwa hiyo nikiinua sauti juu ya uongo wako nausikia na wangu.

Hasira bado ninayo. Sitaki uidhanie imekwisha. Ng'ombe kufa kwa kiu siwezi kumlaumu mtu. Lakini mlininyima kumlilia mwezi ule ule aliokufa, nikamlilia mbele ya mashine, na njiti mkononi.

Sasa sikia kilichotokea. Niliongeza mistari mitatu. Kabla ya kumgusa mnyama, programu inauliza kwanza kama pointa imeshika kitu. Ikikuta sifuri inaandika: "Mwenyewe yupo, mnyama hayupo, ulizeni." Kisha inaendelea na mtu anayefuata. Ikawatoa wote arobaini na sita. Watano hawapo, akiwemo wangu. Wengine wanne ni wa watu wa Mghange, na sijui kama wameambiwa. Ukipanda juu uwaulize kwa upole.

Nilimpelekea Tom Jumatatu iliyopita, ingawa hakuniita. Aliiendesha, akasoma ule mstari wa kwanza, akaniuliza kilichokuwa kimetokea Julai. Nikamweleza yote, hata habari ya ngozi. Akasema, "Ungefuta jina lako tu kwenye orodha siku ile, ingefika kwa mtu wa pili na ningeiona inafanya kazi."

Nikamwambia, "Ni ng'ombe wangu, Injinia."

Hakucheka. Alifungua droo, akachukua daftari. Januari mtambo unahamia kilomita arobaini mbele na atahitaji mtu wa pili chumbani, zamu na Donald. Jina langu ameliandika. Kwa penseli, niliona. Anataka nirudi kutoka likizo kabla ya tarehe kumi na mbili Januari nikiwa nimesoma sura mbili za kitabu zinazofuata, ile ya kuomba kumbukumbu na ile ya kuirudisha. Donald alinipisha kiti nijaribu. Kinazunguka.

Muasya anasema nisiende likizo, nikae hapa penseli isifutwe. Nimelifikiria hilo sana, na kila nikilala nabadilisha mawazo. Lakini nimeomba ruhusa na nimepewa. Mwambie Muli nitakwenda kwake kabla ya Krismasi, sina neno baya naye, anionyeshe tu mahali pale njiani. Na Mama asiifiche ngozi.

Mohammed atanibeba hadi Voi. Nategemea kufika Jumamosi, tarehe ishirini Desemba, mchana; lori likiharibika, Jumapili. Usiniandikie tena kabla ya hapo. Hali ya nyumbani nitaiona mwenyewe.

Kaka yako,
Ambrose